Bagamoyo kwa siku moja: anzia Kaole, malizia ufukweni

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wameshafika Bagamoyo, lakini ukiwauliza waliona nini watakutajia pweza, upepo wa bahari na picha waliyopiga mlangoni pa Ngome Kongwe. Safari yangu ya kwanza iliishia hivyohivyo. Tulikuwa watu kumi na mmoja, ndugu na majirani, nusu Waislamu na nusu Wakristo. Tulifika mjini saa 5, tukazurura juani bila mpango, tukala, tukasinzia, na tulipoikumbuka Kaole ilikuwa jioni. Mlinzi alikuwa anafunga. Mama mkubwa aliyatazama makaburi kwa mbali, akasema, "Basi, tumekuja kupiga hodi tu."

Nimerudi mara nyingi tangu siku ile, kila mara na kundi jingine, na mpangilio nimeshaubadilisha hadi ukatulia. Unafuata umri wa mahali: Kaole kwanza, misheni ya Wakatoliki pili, mji mkongwe mwisho. Kwa barabara ni rahisi, maana Kaole iko kama kilomita 5 kusini mwa mji na ukitoka Dar unaikuta kabla ya mji wenyewe. Na kwa masimulizi pia ni rahisi. Ukianzia Ngome, utaelezwa habari za Wajerumani na misafara bila kujua kwamba karne nyingi kabla yao hapo jirani palikuwa na watu waliojenga kwa mawe, wakaswali na kuzikana.

Kabla ya siku yenyewe

Jumamosi ndiyo siku nyepesi kwa walio wengi. Ijumaa inafaa kama kundi lenu lina watu wanaotaka kuswali Ijumaa mjini Bagamoyo, ila kubalianeni mapema kwamba kati ya saa 6 na nusu na saa 8 mchana hakuna matembezi. Jumapili asubuhi kanisani kuna misa. Mnakaribishwa kusali, kuzungukazunguka na simu mkononi kati ya waumini ni jambo jingine. Masika yakikolea, Aprili hasa, ahirisheni. Njia huwa tope, na mbu wa mikoko ya Kaole hawajui mgeni wala mwenyeji. Ramadhani safari inawezekana, lakini chakula cha mchana mjini hakipatikani kirahisi na si adabu kula barabarani. Bebeni vya kwenu, mle pa faragha.

Nguo: suruali au sketi ndefu, mabega yafunikwe, na kila mwanamke awe na mtandio kwenye mkoba hata kama si Mwislamu. Viatu viwe vya kuvaa na kuvua haraka. Wazee wachukue kofia au mwavuli, maana Kaole kivuli ni cha kugawana. Maji beba kuliko unavyodhani yanatosha. Kitambulisho usisahau, kwa sababu kiingilio cha Mtanzania ni tofauti na cha mgeni kutoka nje. Maeneo ya serikali siku hizi hupendelea malipo ya simu, lakini kwenye mifuko ya wavuvi na akina mama lishe noti ndogondogo bado ndizo zinazoongea. Kuwa na vyote viwili.

Kumpata mwongozaji, na kumtumia

Hapa lugha yenyewe inatutega. Vijana wa mjini humwita "tua gaidi", wakimaanisha "tour guide" ya Kiingereza, na gaidi kwa Kiswahili ni mtu mwingine kabisa. Nilikuwa na bibi mmoja kwenye kundi aliyekumbatia mkoba wake kwa mikono miwili aliposikia "gaidi wetu ameshafika." Mwiteni mwongozaji, au jina lake.

Kuna wanaokaa kwenye maeneo yenyewe: Kaole yupo mhudumu wa mambo ya kale, na kwenye makumbusho ya misheni yupo mtu wa pale pale. Halafu wapo wa mjini wanaoweza kwenda nanyi kutwa nzima. Ushauri wangu ni kuchukua mmoja wa kutwa na kumwacha awape nafasi wale wa ndani kila mnapofika kwao. Mkibadilisha mwongozaji kila kituo, kila mmoja ataanza upya na "Bagamoyo maana yake ni bwaga moyo," na hadi saa 9 mtakuwa mmeisikia mara nne.

Malipo yapatane kabla hamjaanza, na mtaje yote: maeneo mangapi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, kiingilio kimo au hakimo, nauli ya bajaji ya mwongozaji anailipa nani. Mkishapatana, msije mkaanza tena kuvutana bei mchana. Na chakula cha mchana mle naye. Hadithi nzuri kuliko zote nimezisikia sahanini, wala si kwenye magofu.

Swali moja linatosha kukujulisha una mtu wa namna gani. Muulize kwa upole, "Habari hii tunaipata wapi?" Mwongozaji mzuri hukwambia: hii wazee husimulia, hii imo kwenye kumbukumbu za misheni, hii waliokuja kuchimba ndio waliopima. Asiyekuwa mzuri hukasirika. Kwa mfano, ukiambiwa kwamba chini ya Ngome kuna handaki lililopitisha watumwa hadi baharini, muulize limechimbuliwa lini na nani amelipita. Si kumkomoa. Mambo ya uchungu yaliyotokea kweli katika mji huu ni mengi ya kutosha, hayahitaji kuongezewa.

Saa 12 asubuhi: kutoka Dar

Kwa gari binafsi, pita barabara ya Bagamoyo moja kwa moja: Mwenge, Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga. Ni kilomita kama 70 kutoka katikati ya jiji. Mkitoka saa 12 kamili mtakwenda saa moja na nusu. Mkitoka saa 2, hesabuni mlivyoijua foleni ya Dar. Kwa basi dogo, nendeni stendi ya Makumbusho mpande la Bagamoyo. Mwambieni konda mapema kwamba mnashuka njia ya kuingilia Kaole. Pale mtapata bajaji au bodaboda. Kama kuna wazee au watoto, heri mpitilize hadi stendi ya Bagamoyo, mchukue bajaji mbili au tatu za kuwarudisha Kaole na kuwasubiri.

Jambo dogo ambalo abiria hulikumbuka jua likishawapata: kaeni upande wa kushoto, upande wa mlango. Asubuhi mnaelekea kaskazini na jua linachomoza kulia kwenu.

Saa 2: Kaole

Tengeni saa mbili na nusu hapa. Najua zinaonekana nyingi kwa magofu ya misikiti miwili na makaburi yapatayo ishirini na kitu. Subiri ufike.

Ingieni polepole, na kabla ya maelezo simameni mbele ya msikiti wa zamani zaidi, ambao hupewa umri wa karne ya 13. Kuta ni matumbawe na chokaa. Mihrabu, ile sehemu ya ukutani inayoonyesha upande wa kuswali, bado inasomeka. Hapa nina mchezo wangu: nawaomba watoto wasimame wakielekea mihrabuni, halafu nawauliza bahari iko wapi. Iko kulia. Maka kutoka mwambao huu iko karibu kaskazini kamili, kwa hiyo kila mihrabu ya zamani ya pwani yetu ni dira. Mtoto akishaligundua hilo hapotei tena siku nzima, na akifika makaburini atajua mwenyewe kwa nini yamelala mashariki na magharibi: maiti hulazwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla.

Kisha msikiti wa pili, uliojengwa baadaye. Tazameni kisima na mahali pa kutawadhia. Mtaambiwa maji yake hayakauki na hayana chumvi ingawa bahari iko karibu, na pengine mtakaribishwa kunawa uso na kuomba mnalolitaka. Anayetaka anawe. Asiyetaka asicheke.

Makaburi ndiyo moyo wa Kaole. Yale yenye nguzo yaangalieni kwa makini sehemu ya juu: kuna vishimo vya duara vilivyobaki palipokuwa pamepachikwa bakuli za kaure kutoka China. Bakuli zenyewe hazipo tena mahali pake. Wageni wengi hupita wakisema "nguzo" na kuendelea. Ukisimama dakika mbili ukafikiria bakuli iliyotoka China ikavuka bahari hadi kwa mtu wa Kaole, kisha wanawe wakaona afadhali ipambe kaburi lake kuliko kabati lao, utajua hawa hawakuwa wanakijiji waliojitenga na dunia. Mtaalamu Neville Chittick ndiye aliyeyafanyia kazi magofu haya mwaka 1958, na mengi yanayosimuliwa kuhusu tarehe yametokana na kazi ile.

Kuna kaburi linaloitwa la Sharifa. Hapo nyamazeni. Si gofu tu. Watu bado huja kuomba dua, huacha ubani na sadaka. Mkimkuta mtu ameketi, pisheni kwanza, mrudi baadaye. Safari moja tulimkuta mzee mmoja pale, nikamwamkia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mmekuja kuangalia au kuzuru?"

Nikakosa la kujibu. Mama mkubwa akanisaidia: "Tumekuja kuangalia, mzee wangu, lakini ukitufundisha tutazuru." Akacheka, akatuonyesha pa kusimama. Tangu siku hiyo nawauliza watu wangu swali la mzee yule kabla hatujashuka kwenye bajaji.

Malizieni kwenye mbuyu, unaokadiriwa kuwa na miaka 500. Mtaambiwa ukiuzunguka unajiongezea umri. Watoto watauzunguka mara kumi. Waacheni, ndiyo nafasi yenu watu wazima ya kukaa kivulini na kumuuliza mwongozaji kwa nini mji ulikufa. Jibu la kawaida ni mikoko. Tope lilijaa, mikoko ikaziba, vyombo vikashindwa kufika, biashara ikahama. Bagamoyo ilipokuja kustawi baadaye, bandari wazi ilikuwa kule kaskazini. Lakini jina la Kaole halikufutika: mwaka 1857 wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipotoka Unguja kuelekea bara walishukia Kaole.

Saa 5: misheni

Kutoka Kaole mnapita mjini, mnatokea upande wa kaskazini. Njia ya kuingilia ina miembe mikubwa pande zote, na baada ya jua la Kaole mtaifurahia kuliko jengo lolote.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakaanzisha misheni hii mwaka 1868, wakiongozwa na Padre Antoine Horner. Kwa hiyo Wakatoliki wa Tanzania huhesabu uinjilishaji wa bara kuanzia hapa, na mwaka 2018 walifanyia jubilei ya miaka 150 hapahapa. Kazi ya kwanza ilikuwa kuwanunua watumwa sokoni Unguja na kuwaweka huru, wengi wao watoto, na kuwajengea kijiji. Mwaka 1872 kimbunga kilichoipiga Unguja kiliivuruga na misheni hii. Ukijua hilo utayatazama majengo kwa jicho jingine.

Fuateni mpangilio huu: makumbusho kwanza, ambayo yamo katika nyumba ya zamani ya masista; kisha mnara; kisha mbuyu; kisha makaburi; kanisa kubwa mwisho. Wengi hukimbilia kanisa kwa sababu linaonekana, wakifika makumbusho wamechoka, na kumbe huko ndiko kwenye picha na maandishi yanayoyapa mengine yote maana.

Mnara ni mabaki ya kanisa la mwanzo, na huitwa mnara wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti. Hapa ndipo mwili wake ulipolazwa usiku wa tarehe 24 Februari 1874, kabla ya kuvushwa kwenda Unguja na hatimaye Uingereza. Kila mwongozaji atawaambia hivyo. Nyinyi mwombeni awaeleze habari za waliouleta. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Watumishi wake Susi na Chuma na wenzao waliuzika moyo wake pale pale, wakaukausha mwili, wakautembeza kwa miguu kwa muda wa miezi tisa. Kuna mahali wenyeji hawakutaka maiti ipite, wakaufunga kama robota la nguo ili upite kama mzigo. Wangeweza kuuacha. Nikiwa pale chini ya mnara huwa nasimulia sehemu hii taratibu, na sijaona kundi lililobaki likiongea.

Mbuyu wa misheni ulipandwa mwaka 1868. Kwenye shina lake kuna kipande cha mnyororo kilichomezwa na gome. Wageni hukata shauri wenyewe kwamba ni mnyororo wa watumwa, na wapo waongozaji wanaowaachia waamini hivyo. Simulizi ya misheni yenyewe ni kwamba mama mmoja wa Kifaransa alikuwa akimfungia punda wake hapo, mnyororo ukasahauliwa, mti ukakua. Huu ndio mtihani wangu wa pili kwa mwongozaji. Akikwambia punda, mpe bahashishi nzuri.

Makaburini someni umri. Wamisionari wengi walizikwa wakiwa vijana kabisa, malaria haikuwangoja. Kisha ulizeni waliokombolewa utumwani wamelala wapi, kwa sababu hao misalaba yao haina hadithi ndefu.

Kanisa kubwa lilikamilika mwaka 1914. Ingieni kimya, wanaume wavue kofia. Waislamu kwenye kundi langu huwa wananiuliza kama wanaweza kuingia. Hakuna aliyewahi kutuzuia, na asiyependa anakaa nje kwenye upepo bila kulazimishwa wala kutaniwa. Ukiwa kiongozi wa kundi mchanganyiko hilo liseme mapema, tena mbele ya wote: kila mtu aingie anapoweza kuingia na moyo wake.

Saa 7: chakula

Rudini mjini. Wali wa nazi na samaki kwa mama lishe, au mihogo na pweza karibu na soko la samaki. Agizeni kwa simu kupitia mwongozaji tangu mkiwa misheni, maana watu kumi wakiingia ghafla jiko dogo linazidiwa na mtaondoka saa 9. Wanaoswali wapate nafasi yao sasa.

Saa 8 na nusu: mji mkongwe kwa miguu

Hapa pana vitu vingi na jua ni kali, kwa hiyo mimi huchagua vinne na kuvipita vingine kwa kutaja jina tu.

Ngome Kongwe. Ilianza kujengwa kama nyumba ya mfanyabiashara wa Kiarabu miaka ya 1860, Sultani Barghash akaitanua, Wajerumani wakaigeuza kambi, baadaye ikawa gereza na kituo cha polisi. Pandeni juu muone mandhari. Mtaelewa kwa nini kila mwenye nguvu aliitaka.

Hapa ndipo mazungumzo ya jina la mji yatakapowaka, na yaacheni yawake. Wengine husema ni maneno ya mtumwa: bwaga moyo, acha moyo wako hapa, hutarudi. Wengine husema ni maneno ya mpagazi, Mnyamwezi aliyetembea mamia ya kilomita na pembe begani, akifika pwani anabwaga mzigo, anatua, moyo unapoa. Maana zote mbili zinakaa kwenye Kiswahili bila kulazimishwa. Mimi nauegemea upande wa wapagazi, kwa kuwa mali kubwa ya njia hii ya misafara ilikuwa pembe za ndovu, na watumwa wengi wa soko la Unguja walipitia Kilwa. Lakini hilo halina maana kwamba hapa hawakupita. Misheni isingekuwa na kazi.

Jengo la misafara. Lipitieni hata kama kuna watu watakaosema ni ua tu. Ni ua kweli. Ujazeni kichwani kwa wapagazi, moshi wa vyungu na lugha za Tabora na Ujiji.

Mtaa wa India, wenye milango ya nakshi na nyumba za wafanyabiashara. Jina la kukumbuka ni Sewa Haji, Mwismailia aliyetajirika kwa kuwaandalia wasafiri wapagazi na bidhaa. Wakazi wa Dar wanalitamka jina lake bila kujua, kila wanapokwenda kumwona mgonjwa wodi ya Sewahaji pale Muhimbili. Ndiye huyo.

Boma la Wajerumani la mwaka 1897. Bagamoyo ilikuwa makao yao makuu hadi 1891 walipohamia Dar, kwa hiyo ajabu yake ni kwamba boma hili lilijengwa mji ukiwa tayari umepokonywa ukubwa. Karibu na ufukwe yapo makaburi ya Wajerumani, yametunzwa vizuri, na si mbali kuna mahali panapoonyeshwa kuwa ndipo walipokuwa wakinyonga waliowapinga mwaka 1888 na 1889. Nendeni kote kuwili, moja baada ya jingine. Abushiri bin Salim mwenyewe, kiongozi wa vita vile, hakunyongewa hapa. Alinyongwa Pangani, tarehe 15 Desemba 1889. Mwongozaji akikosea, msahihishe mkiwa wawili tu, si mbele ya kundi.

Saa 10: mahali ambapo hamtapelekwa msipoomba

Ombeni mpelekwe kwa Sheikh Ramiya.

Safari nyingi za Bagamoyo huwaonyesha watu misikiti iliyokufa na kanisa lililo hai, kisha huwarudisha nyumbani wakiamini Uislamu wa mji huu ni magofu. Yahya bin Abdallah, maarufu Ramiya, alitekwa akiwa mtoto huko Manyema, Kongo ya leo, akaletwa Bagamoyo akiwa mtumwa katika nyumba ya liwali, mwakilishi wa Sultani. Akasoma, akafanya biashara, akapanda hadi akawa sheikh mkubwa wa tarika (njia ya Kisufi) ya Qadiriyya, mwalimu wa watu ambao baadhi yao mababu zao walikuwa mabwana. Alifariki mwaka 1931. Hadi leo wafuasi wa tarika hukusanyika Bagamoyo kwa ziara kila mwaka, wakitoka mikoa mbalimbali.

Ukitoka misheni asubuhi umesikia namna moja ambayo mtumwa aliupata uhuru: alinunuliwa na padre, akapewa kijiji na ubatizo. Hapa unasikia namna nyingine. Nadhani hii ndiyo saa yenye faida kuliko zote, na haina tiketi.

Lakini si kituo cha utalii. Utaratibu wake ni huu: mwongozaji atangulie peke yake kuomba ruhusa, nyinyi mngoje barabarani, mkikubaliwa, wanawake wajifunike, viatu vivuliwe panapostahili, simu ziwe mfukoni. Mkiambiwa leo haiwezekani, semeni asante na mwondoke. Mkikaribishwa, sadaka hutolewa kwa mkono wa kulia bila kutangaza kiasi. Mama mkubwa, ambaye ni Mkatoliki wa kutupwa, alikaa pale kibarazani nusu saa akizungumza na bibi wa nyumba ya jirani habari za magoti, na ilibidi nimwite mara tatu.

Saa 11 kasoro: ufukweni, kisha nyumbani

Malizieni karibu na nyumba ya zamani ya forodha na soko la samaki. Mashua na ngalawa huwa zinarudi, madalali wananadi, paka wamejipanga. Hapa ndipo mzigo ulipopandishwa vyomboni kwenda Unguja, ng'ambo ya maji. Usipige picha ya mvuvi bila kumwomba. Ukinunua samaki hata fungu moja, kuomba kunakuwa kwepesi. Mkiwa na bahati mtasikia ngoma za wanafunzi wa chuo cha sanaa, TaSUBa, wakifanya mazoezi.

Mlipeni mwongozaji hapa, wote wakiona, kisha mmoja wenu amshukuru kwa jina. Mwombeni namba ya simu kama amewafaa. Mwakani mtarudi na wengine.

Saa 11 na nusu muwe mmeshakaa kwenye basi. Mkichelewa zaidi ya hapo mtaikuta foleni ya kuanzia Tegeta ikiwa imeiva, na watoto watalala mapajani mwa watu wasiowajua. Kaeni tena upande wa mlango. Sasa mnaelekea kusini, jua limehamia magharibi, na bado liko kulia.